Vidole vya Somoe

Nilipohamia nyumba ile ya Magomeni, mtu wa kwanza kunisalimia alinipa kifundo cha mkono badala ya kiganja. Bajaji ilikuwa imeshusha godoro langu na maboksi mawili mbele ya mlango. Mwanamke mfupi mwenye mabega mapana akatokea uani, nguo zake zikinuka moshi. Nikamnyooshea mkono. Yeye akakunja vidole vyake ndani na kuniletea kifundo.

"Nishike hapa, Mwalimu. Huku kwingine nitakuunguza."

Nikamuuliza amejuaje kazi yangu.

"Nani mwingine anahama na maboksi mawili ya vitabu na sufuria moja?"

Huyo ndiye Somoe Chitanda. Mimi naitwa Martha, nimezaliwa Njombe, na wakati huo nilikuwa nimehamishiwa shule moja ya msingi Mtwara mjini. Tuliishi nyumba moja miaka sita. Haya ninayoyasimulia nimeyaona kwa macho yangu, isipokuwa mambo ya zamani ambayo alinieleza mwenyewe, kidogo kidogo.

Nyumba ilikuwa na vyumba sita, na kila chumba kilikuwa na familia yake. Choo kilikuwa kimoja. Maji tulichota kwa jirani aliyekuwa na bomba, na siku bomba lisipotoa tulinunua kwa wenye mikokoteni. Mvua ikinyesha hatukusikilizana kwa kelele za bati, na barabara ya mtaa ikawa tope hadi bajaji zikakataa kuingia. Lakini uani palikuwa papana, na hapo ndipo Somoe na mwenzake Sabra walipobangulia korosho.

Kwa asiyeijua kazi hiyo, inakwenda hivi. Korosho ghafi zinakaangwa na ganda lake kwenye karai lililotobolewa matundu, juu ya moto mkali. Ganda linatoa mafuta, mafuta yanashika moto, na moshi wake mweusi unakohoza mtaa mzima. Zikishaiva zinamwagwa haraka kwenye mchanga, zinafukiwa kwa majivu, kisha zinapigwa moja moja kwa kipande cha mti mgumu mpaka ganda lipasuke na kiini kitoke kizima. Yale mafuta ya ganda ndiyo adui. Yakikugusa yanachubua ngozi kama maji ya betri. Wabanguaji hujipaka majivu mikononi, wengine mafuta ya nazi, lakini hayo yanapunguza tu. Baada ya miaka kumi vidole vinakuwa vyeusi na vyororo nchani, kama vimepigwa msasa.

Somoe alikuwa amefanya kazi hiyo miaka ishirini na mitatu. Alianzia kwenye kiwanda, kiwanda kikafungwa, akaendelea nyumbani.

Alizaliwa kijiji kimoja cha ukingoni mwa Ruvuma, upande huu wa mto, karibu na pale maji yanapopotelea kwenye mikoko kabla ya kufika baharini. Baba yake alilima mpunga, na kazi ya watoto ilikuwa kupiga madebe viboko wasiingie shambani. Alipokuwa na miaka kumi na sita aliolewa na Abdala, mpakiaji mizigo wa bandarini, akaletwa mjini. Walipata kiwanja Mtawanya, wakajenga nyumba ya udongo, na baada ya muda wakaiezeka bati. Watoto walikuwa wanne. Wawili walikufa wadogo. Hadija ameolewa Nanyamba. Wa mwisho ni Juma.

Abdala aliugua mwaka ule ule serikali ya mtaa ilipokuwa inaandikisha viwanja. Somoe alikuwa hospitali anamuuguza. Shemeji yake akamwambia asijisumbue, yeye atasimama badala yake, kiwanja kiandikwe jina lake kwa muda, mgonjwa akipona watabadilisha. Abdala hakupona. Eda ilipokwisha, shemeji alianza kuzungumza juu ya mnunuzi. Somoe alikwenda kulalamika, akaombwa karatasi, na karatasi ilikuwa na jina la shemeji. Ndivyo alivyoishia kupanga chumba Magomeni, na Juma akiwa na miaka tisa.

Jambo hilo alinisimulia mara moja tu, tukichambua kisamvu, na hakunung'unika. Alisema, "Nilikosa siku moja kwenda kuandikisha. Siku moja tu, Mwalimu."

Juma alikua akawa fundi wa kujenga. Mwaka 2017 alivuka mto na wenzake wawili kwenda Palma, upande wa Msumbiji, waliposikia kuna ujenzi mwingi kwa ajili ya gesi. Alikuwa kijana wa kupoteza simu. Akipiga leo kwa namba hii, wiki ijayo ni nyingine, na ukiipiga ile ya kwanza anapokea mtu anayesema Kireno. Namba aliyoijua kwa kichwa duniani ilikuwa moja tu, ya mama yake. Alikuwa akipiga kila baada ya wiki mbili au tatu, mchana, na mazungumzo yenyewe yalikuwa mafupi. Umekula nini. Mikono inaendeleaje. Huku tupo. Tangu vurugu zilipoanza upande ule, "huku tupo" ndilo neno Somoe alilolisubiri. Akishalisikia, hata salio la mwanawe likiisha hakujali.

Desemba ya mwaka 2019 likaja tangazo la laini za simu. Kila laini isajiliwe kwa alama za vidole, na kusajili ni lazima uwe na namba ya kitambulisho cha taifa. Asiyesajili, Januari laini yake inafungwa.

Somoe hakuwa na kitambulisho. Miaka ya nyuma walipopita kuandikisha, alipanga foleni, akafika mbele, mashine ikakataa vidole vyake, akaambiwa arudi kesho. Ulikuwa msimu wa korosho. Hakurudi.

Safari hii alinijia chumbani asubuhi ya Jumamosi, ameshavaa baibui la kutokea.

"Mwalimu, nijazie fomu. Leo nakwenda mpaka nipate."

Tukajaza. Jina la baba, jina la mama, kijiji, mtaa. Tarehe ya kuzaliwa alikuwa haijui. Mama yake alimwambia alizaliwa wakati wa kuvuna mpunga, mwaka mafuriko yalipochukua daraja la kijijini kwao. Tukahesabu kwa kulinganisha na wadogo zake na wajukuu wa kaka yake, tukafika 1970, na tarehe nikaiweka mwenyewe. Mwenyekiti wa mtaa, mzee Kasiani, akampa barua ya kumtambulisha.

Nilimsindikiza. Foleni ilikuwa imezunguka jengo mara mbili. Tulifika mezani saa nane mchana. Mezani alikaa dada mmoja mtulivu, kibandiko kifuani kimeandikwa Gladness. Alisoma fomu, akamuuliza Somoe maswali machache juu ya kijiji chake, kwa kuwa ni cha mpakani, akaridhika. Kisha akamsogezea mashine yenye kioo kidogo.

"Weka kidole gumba, mama. Bonyeza."

Taa nyekundu.

"Legeza kidogo. Bonyeza tena."

Nyekundu. Wakajaribu cha pili, cha tatu, wakamaliza mkono, wakahamia mkono mwingine. Gladness akafuta kioo kwa kitambaa, akafuta vidole vya Somoe kwa spiriti, wakarudia vyote kumi. Nyuma yetu watu wakaanza kuguna. Gladness akashika mkono wa Somoe, akaugeuzia dirishani kwenye mwanga na kuuangalia kwa muda.

"Mama, unafanya kazi gani?"

"Nabangua korosho."

"Nilijua. Wewe ni wa kumi na moja mwezi huu." Akauachia mkono taratibu. "Hapa hamna alama, mama. Zimekwisha."

"Zimekwenda wapi?"

Gladness hakucheka. Alimweleza kwamba ngozi inaota upya. Akipumzisha mikono wiki sita, asiguse korosho, asifue kwa sabuni kali, ajipake mafuta, huenda mistari ikarudi. Kulikuwa na njia nyingine ya kuandika barua kwa watu wasio na alama kabisa, lakini ingechukua muda mrefu zaidi, na hata akipata namba kwa njia hiyo, kwenye kusajili simu bado wangemtaka kidole.

"Wiki sita laini itakuwa imeshafungwa," nikasema mimi.

"Itafungwa, ndiyo. Lakini haifutwi siku hiyo hiyo. Akiwahi, atafunguliwa namba ile ile."

Tulirudi kwa miguu. Njia nzima Somoe alikuwa anasugua ncha za vidole gumba na shahada, kama mtu anayepima ulaini wa unga.

Jioni Sabra alikuwa ameshapata habari zote. Sabra alikuwa mdogo kwake kwa miaka kumi na mitano hivi, mtu wa Newala, mwenye sauti na mwenye huruma. Walibangua pamoja miaka minane.

"Mimi kitambulisho ninacho," akasema. "Kesho twende nikuwekee kidole changu. Dakika mbili, basi."

"Hapana."

"Hapana nini? Watu wote wanafanya hivyo."

"Laini itasoma jina lako."

"Isome. Si utakaa nayo wewe?"

Somoe alikuwa anapiga korosho za mwisho za siku hiyo. Alipiga mbili tatu kabla ya kujibu. "Hata Mtawanya nilikuwa nakaa mimi."

Sabra akaweka chini kigongo chake. "Kwa hiyo mimi ni shemeji yako."

"Sijasema hivyo."

"Umesema. Miaka minane nakula na wewe sahani moja, halafu leo mimi mwizi wa laini ya simu." Akainuka, akaingia chumbani kwake, na pazia likarushwa kwa nguvu hadi kamba ikakatika.

Siku tano hawakuzungumza. Walikaanga pamoja kwa sababu moto ulikuwa mmoja, lakini walikaa wamepeana migongo. Sisi wengine tulipita katikati yao na ndoo zetu za maji tukijifanya hatuoni. Siku ya sita Somoe ndiye aliyeanza. Nilikuwa nafua karibu, nikasikia.

"Sabra. Mimi sikuogopi wewe. Ningekuogopa nisingelala mlango wazi. Naogopa karatasi. Karatasi haina haya."

Sabra akaokota korosho nyingine, akaipiga.

"Nitaacha kubangua wiki sita," Somoe akaendelea. "Nimeona nikwambie wewe kwanza, maana kazi itakulemea."

"Sasa nani atakaanga?"

"Utakaanga mwenyewe. Mimi nitakaa hapa nichochee moto kwa kijiti."

"Kijiti kirefu," Sabra akasema. "Usije ukaunguza hicho kidole cha serikali."

Wakacheka, na jambo likaishia hapo, ingawa Sabra alilikumbushia mara kwa mara kwa miezi mingi.

Kuacha kazi wiki sita si jambo dogo kwa mtu anayekula alichokipata leo. Hapo ndipo alipoingia Bi Hajrabai. Huyu alikuwa mama wa Kihindi, mjane, ambaye mwanawe ana duka la vitambaa mjini. Kwa miaka mingi alinunua korosho za Somoe, akawatumia ndugu zake Dar es Salaam. Mwezi huo alikuwa amefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Jicho moja lilikuwa limefungwa na jingine haliaminiki. Alihitaji mtu wa kumshika mkono kwenda msikitini kwao, kumpeleka kliniki na kumtia dawa ya matone mara nne kwa siku. Wasichana wawili waliokuja kabla walishindwa na mdomo wake.

Somoe alipokwenda kumweleza kwamba hatakuwa na korosho mpaka Machi, Bi Hajrabai alimuuliza sababu, akasikiliza, kisha akasema, "Basi kaa hapa. Wewe unataka mikono ipumzike, mimi nataka macho. Lakini usinishike kope na hivyo vidole vya moto."

"Havina moto tena, Mama. Nimenawa."

"Nawa tena."

Kila asubuhi Somoe akawa anatembea hadi mjini, na saa kumi anarudi. Alituletea habari za nyumba ile: vyumba vyenye dari ndefu, kabati zilizokuja kwa meli kabla hajazaliwa, na jinsi Bi Hajrabai alivyojua kwa kusikia tu kama mteja dukani anadanganya. Alisema kazi ni nyepesi hadi inamuumiza mgongo. Hakuzoea kukaa kwenye kiti. Mchana, bibi akilala, mikono yake ilitafuta cha kupiga.

Mimi nilikuwa na shauku yangu. Nilimwomba mwalimu mkuu kile kikopo bapa cha wino wa mhuri, nikakileta nyumbani kila Jumapili baada ya kanisa. Tukakaa barazani na daftari la kuandikia. Somoe alichovya vidole kumi, kimoja kimoja, akavigandamiza kwenye ukurasa. Jumapili ya kwanza tulipata madoa kumi meusi, yamejaa, hayana kitu ndani. Ya pili vivyo hivyo. Alianza kusema nimechagua wino mbaya. Nikaweka kidole changu pembeni ili aone. Aliitazama ile mistari yangu kwa muda mrefu, akaisogeza karibu na jicho.

"Kumbe mtu anatembea na haya yote," akasema.

Jumapili ya tatu, ngozi ilianza kubanduka. Ilitoka vipande vyembamba vya rangi ya chai, na chini yake palikuwa pekundu na laini kama kwa mtoto. Alilalamika maji ya moto yanamuuma, hata ugali unamuuma. Sabra akawa anammegea tonge na kulipoza kwa kulipuliza. Wiki hiyo hiyo laini ikafungwa. Tulijua kwa sababu Hadija alimpigia Sabra kutoka Nanyamba, akiuliza mbona simu ya mama haipatikani. Somoe aliendelea kupeleka simu kwa mwenye duka kuichaji kila siku ya pili, na usiku aliiweka chini ya mto kama kawaida. Nilimwambia kwamba simu yenye laini iliyofungwa haiwezi kuita.

"Najua," akasema. "Lakini ikizimika nitasikia vibaya."

Habari za upande wa pili wa mto zilikuwa zinakuja kwa vipande. Watu wamevuka na vyombo vichwani. Kijiji fulani kimechomwa. Hakuna aliyejua lipi kweli. Somoe alikwenda mara mbili stendi kuwauliza madereva wa magari ya Kilambo, kwenye kivuko, kama kuna aliyewaona mafundi watatu wa Magomeni. Mmoja alisema aliwaona, lakini alipoulizwa Juma yukoje, akaeleza mtu mrefu mweupe. Juma ni mfupi kama mama yake.

Jumapili ya tano daftari lilionyesha kitu. Kwenye kidole cha pete cha mkono wa kulia, katikati ya doa, palitokea mistari minne au mitano iliyopinda. Ilikuwa hafifu, lakini ilikuwepo. Mkono wa kulia ndio unaoshika kigongo, kwa hiyo vidole vyake vya mwisho haviguswi sana na mafuta. Sabra alikimbia kuwaita wapangaji wote, wakaja na kupokezana daftari, na mwenye chumba cha kona akatoa maoni kwamba inafanana na shamba la matuta. Somoe alichukua kidole hicho akakifunga kitambaa safi, na toka siku hiyo alikula kwa mkono huo kikiwa kimeinuliwa pembeni.

Tulirudi ofisini wiki ya tatu ya Februari. Foleni ilikuwa imepungua. Gladness alimkumbuka.

"Mama wa korosho. Hebu tuone."

Gumba, nyekundu. Shahada, nyekundu. Cha kati, nyekundu, kisha baada ya kurudia, kijani. Cha pete, kijani mara ya kwanza. Cha mwisho, kijani. Mkono wa kushoto ulitoa kimoja tu. Gladness akaandika kitu kwenye kompyuta yake, akamuuliza mwenzake wa meza ya nyuma, akarudi.

"Vinne vinatosha. Vingine nimeandika kwamba vimeathirika na kazi."

Somoe aliweka mikono mapajani. "Na picha?"

"Na picha. Vua miwani, kama unayo."

"Sina miwani."

"Basi nitazame hapa."

Namba ilitoka siku kumi na mbili baadaye. Kadi yenyewe ilichukua zaidi ya mwaka, lakini namba ilitosha. Siku hiyo hiyo Somoe alikwenda kwa Anjum, dada mwenye kibanda cha kusajili laini karibu na soko. Anjum akamwambia aweke kidole gumba kama watu wote. Somoe akasema gumba halifai, akamwekea cha pete. Kikakubali.

"Namba yangu bado ni yangu?" akauliza.

"Bado. Subiri mpaka kesho asubuhi."

Asubuhi laini ilifunguka. Ziliingia meseji za matangazo, moja juu ya nyingine, na hakuna hata moja iliyokuwa ya mtu. Ikapita siku ya kwanza, ikapita wiki. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kumfariji, lakini sikuona hata neno moja linalofaa kumwambia, kwa sababu Somoe aliendelea na siku zake. Bi Hajrabai alikuwa ameshafunguliwa jicho na hakuhitaji tena kushikwa mkono, ingawa alimtaka aendelee kuja. Somoe akakataa kwa heshima, akasema atakuwa anapita Ijumaa kumsalimia. Alirudi uani kwa Sabra, ila sasa vidole vitatu vya mkono wa kulia alivivalisha vipande vya mpira wa tairi la baiskeli, akavifunga kwa uzi.

Juma alipiga Alhamisi moja ya katikati ya Machi, saa sita na nusu mchana. Najua saa kwa sababu nilikuwa nimerudi kula. Simu ilikuwa juu ya dirisha. Mikono ya Somoe ilikuwa na majivu, Sabra akaipokea na kuibonyeza sauti kubwa.

"Haloo," ilikuwa sauti ya kiume, ya kunyata. "Samahani. Hii ni simu ya nani?"

"Simu ya nani kivipi? Ya mama yako."

Sabra akasogeza simu mdomoni kwa Somoe.

"Juma."

"Mama?"

"Mimi."

"Mama, wewe upo?"

"Nipo. Wewe upo?"

Nikasikia mtu anavuta pumzi, kisha akaanza kusema haraka haraka. Alikuwa amepiga mwezi mzima, kila akipata simu ya kuazima, anaambiwa namba haipatikani. Kisha akakutana na mtu wa Chikongola aliyevuka kutoka huku, akamwambia kuna mbanguaji wa Magomeni, mama wa makamo, amezikwa Januari. Hakujua jina. Juma akahesabu, akaona ni mama yake.

"Huyo alikuwa Mama Sharifa, nyumba ya tatu kutoka hapa," Somoe akasema. "Mungu amrehemu. Presha."

"Mama, tulikusomea hitma."

Sabra aliweka mkono mdomoni. Somoe alibaki ametazama simu.

"Mlisoma watu wangapi?"

"Kumi na wawili. Walikuja na mafundi wa Pemba ya huku Msumbiji."

"Mlipika?"

"Wali na kunde. Nyama haikupatikana."

"Kunde zinatosha," Somoe akasema. "Ahsanteni sana." Kisha akageuka, akainamisha kichwa kwenye goti lake, na mabega yakamtikisika. Sabra ndiye aliyemalizia mazungumzo. Alimwambia Juma mambo yote ya vidole, kwa mpangilio mbovu, na kabla salio halijaisha alimwamuru arudi nyumbani.

Hakurudi mara moja. Alisema kuna mshahara wa kusubiri, na njia haikuwa salama. Akapiga mara mbili tena. Halafu, mwezi wa Ramadhani ulipokuwa umeshapita, Jumanne mchana, akasimama kwenye mlango wa uani akiwa na mfuko mmoja wa salfeti, amekonda, kola ya shati imemzidi shingo.

Somoe alikuwa na karai motoni. Korosho zikishaanza kutoa mafuta huwezi kuziacha, dakika moja zinakuwa makaa. Alimwona mwanawe, nasi tulimwona anamwona. Akasema, "Ngoja kidogo." Akazikoroga, akazipindua, moshi ukamfunika hadi hatukumwona uso. Akazimwaga mchangani, akazifukia majivu, akaweka karai chini. Akanawa mikono kwa maji ya ndoo, akaifuta kwenye kanga, akanawa tena.

Ndipo akamwendea. Juma alitaka kumshika mkono kwanza, shikamoo, kama alivyofundishwa. Somoe akamvuta shingo kwa mikono yote miwili.

Sabra aliweka maji ya uji jikoni. Juma akanywa, akalala kwenye kitanda cha mama yake tangu saa tisa mchana hadi adhuhuri ya siku ya pili, na mara tatu Somoe aliingia kumwangalia kama anapumua. Siku ya tatu Juma alikwenda kwa mzee Kasiani kuulizia kazi. Kulikuwa na ukuta wa zahanati unajengwa Mtawanya, wakamchukua. Mimi nilihamishwa Newala mwaka uliofuata wa masomo, na nilipoondoka Juma alikuwa bado anajenga Mtawanya, na Somoe na Sabra walikuwa wanagombana juu ya nani aliyeacha moto ukazimika.